George Washington wa kahawa, mzaliwa wa Ubelgiji aliyeuza unga

Jina lake lilikuwa George Washington, lakini si yule rais wa kwanza wa Marekani. Huyu wa kahawa alizaliwa mwaka 1871 mjini Kortrijk, Ubelgiji, baba yake Mwingereza na mama yake Mbelgiji. Alisomea kemia, akahamia Marekani mwishoni mwa karne ya 19, akaanza na biashara ya vifaa vya taa.

Mnamo 1906 na 1907 aliishi Guatemala, nchi ya kahawa. Inasimuliwa kuwa huko aliona unga mkavu umeganda kwenye mdomo wa birika. Iwe kweli au hadithi ya matangazo, mwaka 1909 kahawa yake ya kuyeyuka ilikuwa sokoni, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni mjini New York.

Hakuwa wa kwanza. Satori Kato, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Chicago, alikuwa ameonyesha unga wake mwaka 1901. Lakini Washington alijua kuuza. Marekani ilipoingia vitani, jeshi likawa mteja wake mkubwa, na mwaka 1918 lilichukua karibu kila kilichotoka kiwandani. Askari alihitaji maji tu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kahawa inakaangwa, inasagwa, inapitishiwa maji ya moto hadi itoe utomvu wake. Kisha maji yanaondolewa. Viwanda vya leo hunyunyiza utomvu huo ndani ya mnara wa hewa ya moto, ukaanguka chini ukiwa unga, au huugandisha kwa baridi kali na kuukausha bila kuuyeyusha.

Hapo ndipo hesabu inapomgusa mkulima wa Giheta, karibu na Gitega. Arabika ilienezwa huko na utawala wa Wabelgiji, nchi aliyozaliwa Washington, na miaka ya 1930 wakulima walilazimishwa kuipanda. Kilo 1 ya unga huhesabiwa kuwa sawa na kilo 2.6 za kahawa iliyokobolewa, yaani kilo 13 hadi 16 za kahawa mbivu kutoka mtini. Lori linalopita Muyinga na mpaka wa Kobero kwenda bandari ya Dar es Salaam likiwa na tani 26 za kahawa iliyokobolewa limebeba, kwa lugha ya kiwanda, tani 10 tu za unga. Lakini kukaanga, kukausha na kufungasha, ambako ndiko kwenye faida nono, hufanyika mbali. Kwa jirani, Bukoba, kiwanda cha TANICA kimekuwa kikitengeneza unga tangu miaka ya 1960, kwa kahawa ya Kagera.

Mwaka 1938 Nestlé ya Uswisi ilileta Nescafé, yenye ladha nzuri zaidi, na soko likaanza kumponyoka. Mwaka 1943 aliuza kampuni kwa American Home Products. Alifariki New Jersey mwaka 1946, na jina lake likaendelea kuuzwa kwenye makopo hadi 1961.