Aldo Leopold na Shamba Lililochakaa

Aldo Leopold alizaliwa mwaka wa 1887 katika jimbo la Iowa, Marekani. Alipohitimu masomo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1909, alipelekwa Arizona akiwa afisa wa misitu. Huko, yeye na wenzake waliwaua mbwamwitu wakiamini kuwa wakitoweka, wawindaji watapata kulungu tele. Kulungu waliongezeka kweli, wakaitafuna mimea ya milimani hadi wao wenyewe wakafa njaa. Leopold aliukana msimamo wake kwa maandishi, ujasiri ambao wataalamu wengi hawana.

Mwaka wa 1935, akiwa profesa huko Wisconsin, alinunua shamba lililochakaa kando ya Mto Wisconsin. Jengo lililosalia lilikuwa banda la kuku. Familia ilizoa samadi, ikalala humo. Miche ya kwanza ya misonobari, karibu yote, iliangamizwa na ukame wa 1936. Wakapanda tena, mwaka baada ya mwaka, maelfu kwa maelfu.

Tarehe 21 Aprili 1948, moto ulizuka kwa jirani. Leopold alikwenda kusaidia kuuzima, akafa kwa mshtuko wa moyo. Kitabu chake, kilichokubaliwa na wachapishaji wiki moja tu kabla ya hapo, kilitoka mwaka wa 1949. Banda lingali limesimama, na wanaolizuru hupita chini ya misonobari yake.