Herbert Chapman: Kocha aliyejua kuwa ushindi peke yake haujazi kapu

MVUVI wa Kigoma anajua kuwa dagaa wazuri wasiofika sokoni ni hasara. Klabu ya soka nayo ni hivyo hivyo, na miongoni mwa waliolionyesha hilo mapema ni kocha Mwingereza Herbert Chapman.

Chapman alizaliwa Januari 19, 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Alisomea uhandisi, akacheza soka bila kung'ara, na mwaka 1907 akaanza kuiongoza Northampton Town.

Somo la hesabu alilipata kwa uchungu. Leeds City, klabu aliyoiongoza tangu 1912, ilituhumiwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na viongozi wake wakakataa kukabidhi vitabu vya fedha. Oktoba 1919 klabu ilifukuzwa kwenye ligi na wachezaji wake wakapigwa mnada hotelini. Haikuuawa na mabao, iliuawa na vitabu. Chapman naye alifungiwa, akaachiwa mwaka 1921 baada ya utetezi kwamba wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha.

Somo la soko alilipata Huddersfield Town. Alitwaa Kombe la FA mwaka 1922 na ubingwa wa ligi 1924 na 1925. Hata hivyo, mji ulikuwa mdogo na raga ilikuwa na wapenzi wengi. Vikombe haviwezi kuleta getini watu ambao hawapo.

Mwaka 1925 alihamia Arsenal, timu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja lakini iliyokuwa ndani ya London yenye mamilioni ya watu. Kombe la kwanza lilichelewa hadi 1930, lakini kazi ya kumvuta mteja haikusubiri. Mwaka 1928 aliwavalisha wachezaji namba mgongoni, na mwaka huo huo klabu ikamnunua David Jack kwa zaidi ya pauni 10,000. Mwaka 1932 kituo cha treni jirani na uwanja kilibadilishwa jina kikaitwa Arsenal. Kila abiria aliyepita akalisoma. Jukwaa jipya likafunguliwa mwaka huo huo.

Chapman alifariki Januari 6, 1934 kwa homa ya mapafu. Arsenal ilitwaa ubingwa mwaka huo na uliofuata, ishara kwamba aliacha mfumo, si jina lake tu.

Kigoma ilionja soko hilo Julai 25, 2021, Simba na Yanga zilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwaka 2023 Mashujaa FC ikapanda Ligi Kuu. Fainali huja na kuondoka. Klabu ya nyumbani hudumu ikiwa na daftari safi, njia rahisi ya kufika uwanjani na mteja anayetamani kurudi, kama ilivyo kwa duka lolote la Ujiji.