Gary Kildall na diski zinazofanana

Jina la Bill Gates kila mwanachuo analijua, hata yule wa fasihi asiyejua kufomati flashi. La Gary Kildall je? Huyu alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, Marekani, kwenye familia iliyokuwa na shule ya kufundisha mabaharia kuongoza meli. Naye alifundisha humo, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Washington akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa hisabati. Kompyuta zikamteka. Jeshi la wanamaji lilipomhitaji, likampeleka kufundisha kwenye chuo chake cha Monterey, California. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1972.

Miaka hiyo Intel walikuwa wametoa chipu ndogo ambazo wengi waliziona za vikokotoo tu. Kildall aliona kompyuta nzima, ila hiyo kompyuta haikuwa na pa kutunzia kazi. Akapata kifaa cha diski laini, rafiki yake John Torode akamjengea saketi ya kukiendesha, na mwaka 1974 CP/M ikafanya kazi. Baadaye akatenga sehemu yote inayogusa mashine yenyewe na kuiita BIOS. Ukitaka kuihamishia CP/M kwenye mashine nyingine, unaandika upya sehemu hiyo tu. Kwa maoni yangu hilo ni kubwa kuliko yote aliyofanya, na ndilo watu hawalisemi.

Yeye na mkewe Dorothy McEwen wakafungua kampuni, Digital Research, huko Pacific Grove. Mwaka 1980 IBM wakaja kutafuta mfumo endeshi. Hadithi ya vijiweni inasema jamaa alikosa utajiri kwa sababu alikwenda kurusha ndege kujifurahisha. Si kweli: alirusha ndege yake kwenda kumwona mteja. Dorothy, aliyekuwa akishughulikia biashara, alisita kutia saini mkataba wa usiri, na IBM wakarudi kwa Microsoft. Microsoft wakanunua mfumo wa Tim Paterson wa Seattle, ulioundwa makusudi uitwe na programu kwa namna ile ile ya CP/M. Huo ndio ukawa MS-DOS.

Je, uliibwa? Hapa lazima tufungue diski wenyewe, maana kwa macho utasema ni pacha. Saraka za mifumo yote miwili zinalipa kila faili baiti 32. Jina ni herufi 8 na nyongeza ya herufi 3. Faili likifutwa, baiti ya kwanza inageuzwa kuwa E5, kote kote.

Sisi wa Songwe tunalijua jambo hili. Ukisimama mpakani Tunduma, Mnyamwanga wa huku na wa Nakonde huwatofautishi kwa sura wala lugha. Subiri atoe hela, uone ni shilingi au kwacha. Kwenye diski, hela ni mahali faili lilipo. Kildall aliorodhesha namba za vipande vya faili ndani ya saraka yenyewe. Paterson alitumia FAT, jedwali la pembeni linalounganisha kipande na kipande, ambalo Marc McDonald wa Microsoft alilibuni mwaka 1977. Jaribu faili la baiti 130: saraka ya FAT itakwambia 130. Ya CP/M inahesabu rekodi za baiti 128, kwa hiyo inaona rekodi 2, yaani 256, na mwisho halisi wa maandishi unawekewa alama ndani ya faili. Basi sura ya nje ilichukuliwa kwa Kildall, matumbo hayakuchukuliwa kwake. Anayesema ilinakiliwa yote hajafungua diski, na anayesema Kildall hadai kitu naye hajafungua.

(Mnaofanya projekti ya kupima mifumo endeshi: FAT nazo zina ndugu. Msiamini jina lililoandikwa kwenye sekta ya kwanza, hesabuni klasta. Chini ya 4085 ni FAT12, chini ya 65525 ni FAT16, zaidi ya hapo FAT32.)

Kildall alilalamika, IBM wakakubali kuuza CP/M-86 pia. Waliiuza dola 240, na ile ya Microsoft dola 40. Nani angenunua? Hata mwenye bumu lililoingia jana asingenunua.

Hakufa maskini. Miaka ya 1980 alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, na mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Ila kila alipokwenda aliulizwa habari ya ile ndege. Julai 1994 aliumia kichwani kwenye baa mjini Monterey, na siku tatu baadaye, tarehe 11, akafariki akiwa na miaka 52. Mwaka 2014 chama cha wahandisi cha IEEE kiliweka bamba la kumbukumbu mbele ya ile nyumba ya Pacific Grove iliyokuwa ofisi yake.