Michel Petrucciani: Mpiga piano wa mifupa ya kioo aliyebanwa na kifua

Januari 6, 1999, mpiga piano Mfaransa Michel Petrucciani alifariki dunia mjini New York, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Mtu aliyemjua kwa mbali angedhani ni mifupa iliyommaliza, maana tangu utotoni ilivunjika mara nyingi mno. Kumbe ni maambukizi ya mapafu.

Alizaliwa Desemba 28, 1962, katika mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, katika familia ya wanamuziki yenye asili ya Italia. Baba yake alikuwa mpiga gitaa. Michel alizaliwa na ugonjwa uitwao osteojenesisi imperfekta, ambao Wafaransa huuita ugonjwa wa mifupa ya kioo. Mara nyingi chanzo chake ni hitilafu ya vinasaba inayoharibu kolajeni, protini inayoushikilia mwili kama kamba inavyoshikilia mzigo. Kolajeni hiyo haimo kwenye mifupa pekee. Imo kwenye kano, kwenye ngozi, na kwenye mapafu pia.

Akiwa mtoto mdogo alimwona Duke Ellington kwenye televisheni, akataka piano. Wazazi wakamnunulia ya kuchezea. Aliipondaponda kwa nyundo, na ikabidi itafutwe ya kweli. Miguu yake haikufika kwenye pedali, hivyo akatengenezewa kifaa cha kuzifikia. Alikaa saa nyingi mbele ya piano hiyo, na akiwa na miaka 13 tayari alipiga jukwaani pamoja na mpiga tarumbeta wa Marekani, Clark Terry.

Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa takriban mita moja. Watazamaji waliona ufupi huo na magongo yake, au walimwona akibebwa hadi kwenye kiti. Shida kubwa zaidi ya watu wenye ugonjwa mkali wa aina hii haionekani kwa macho. Pingili za uti wa mgongo zikiwa dhaifu hubonyea, kiwiliwili hufupika, na mgongo hupinda kwenda upande au mbele. Mbavu nazo hupindana, kifua kikaingia ndani au kikatokeza mbele. Anayepakia nyanya analijua jambo hili: tenga likibonyea ubavuni, nyanya haziingii zote hata ukizipanga vipi. Mapafu nayo hukosa nafasi. Mgongo ukipinda kufikia nyuzi 60, hewa ambayo mtu anaweza kuvuta na kutoa inaweza kushuka chini ya nusu ya kawaida.

Nafasi ni sehemu tu ya tatizo. Misuli ya kupumulia ikivutwa upande usio wake hufanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Kikohozi kinakosa nguvu, kohozi linabaki ndani, na mafua ambayo kwa mwingine yangeisha kwa wiki moja yanaweza kugeuka nimonia. Usiku, mtu akilala, pumzi huwa fupi zaidi. Tena watafiti wamekuta upungufu wa pumzi hata kwa wagonjwa ambao mgongo wao haukupinda sana, jambo linaloonyesha kwamba tishu za mapafu zenyewe huenda zinaathirika.

Akiwa na mwili huo Petrucciani alivuka mipaka kuliko wasafiri wengi wazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifika California na kumkuta Charles Lloyd, mpiga saksafoni aliyekuwa amejitenga na jukwaa. Baada ya kumsikia kijana huyo, Lloyd alirudi kazini na wakazunguka pamoja. Mwaka 1986 alirekodi Montreux, Uswisi, pamoja na Wayne Shorter na Jim Hall. Mwaka 1994 Ufaransa ikamtunuku nishani ya Légion d'honneur. Miaka yake ya mwisho alipiga zaidi ya maonyesho 100 kwa mwaka.

Ni rahisi kusema alijimaliza kwa kazi. Lakini kifua cha namna hiyo hakipanuki kwa kukaa nyumbani. Kinachosaidia ni kupimwa mapafu mara kwa mara, chanjo, mazoezi ya kupumua, na kutibu kila mafua mapema. Mtoto wake wa kiume alirithi ugonjwa huo. Mzazi mwenye aina iliyo ya kawaida ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithisha kwa kila mtoto. Mwaka 1998 madaktari wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya dawa ya pamidronati iliyopunguza kuvunjika kwa mifupa kwa watoto wagonjwa. Petrucciani alikuwa amebakiza miezi michache tu.

Alizikwa Paris, katika makaburi ya Père Lachaise, karibu na kaburi la Frédéric Chopin, mpiga piano mwingine aliyesumbuliwa na kifua kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1849 akiwa na miaka 39.