Mervyn Cowie: Mtumishi wa Serikali Aliyepigania Mbuga kwa Kalamu

Wakazi wa Gataka, Ongata Rongai na Kitengela, kaskazini mwa Kaunti ya Kajiado, wanaishi katika ujirani usio wa kawaida. Upande mmoja wana jiji la Nairobi na majumba yake marefu. Upande mwingine wana nyanda za malisho ambazo Wamaasai wamelisha mifugo yao kwa vizazi vingi. Na katikati ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mbuga hiyo imezungushiwa ua upande wa jiji, lakini upande wa kusini sehemu kubwa ya mpaka wake ni mto Mbagathi tu, ambao nyumbu, punda milia na simba huuvuka wapendavyo. Mipaka ya namna hii haikuchorwa na maumbile. Ilichorwa na watu, na miongoni mwa watu hao hakuna aliyetenda zaidi ya Mervyn Hugh Cowie. Maisha yake yanastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa fasihi kwa sababu moja kubwa: kabla ya mbuga hiyo kuwa sheria, ilikuwa hoja iliyojengwa kwa maandishi, na baada ya kuwa sheria ikageuka kuwa hadithi iliyosimuliwa katika filamu na kitabu.

Cowie alizaliwa Nairobi mwaka 1909, wakati mji huo ulikuwa umetimiza miaka 10 tu tangu reli ya Uganda ifike hapo. Jina lenyewe la mji linatokana na lugha ya Kimaasai, nalo lina maana ya maji baridi. Hata hivyo, wenye lugha hiyo walikuwa wakisogezwa mbali na maji hayo. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika maeneo mawili, Laikipia upande wa kaskazini na eneo jingine kusini mwa reli. Mkataba wa pili wa mwaka 1911 uliwaondoa tena Laikipia na kuwarundika wote kusini. Mtoto wa walowezi aliyekulia Nairobi katika miaka hiyo aliziona nyanda za Athi zikiwa zimejaa wanyama, akaziona kana kwamba hazikuwa na mwenyewe. Mtazamo huo wa utotoni ulimfuata hadi uzeeni, na ndani yake mna ubora wa kazi yake na vilevile kasoro yake.

Alipelekwa Uingereza kusoma, akapitia Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akahitimu katika taaluma ya uhasibu. Aliporejea Kenya mwaka 1932, baada ya kutokuwapo kwa miaka 9, aliikuta nchi aliyoikumbuka imebadilika. Mashamba yalikuwa yamepanuka na mifugo imeongezeka, huku makundi ya wanyama yakiwa yamepungua. Eneo ambalo leo ni mbuga lilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Wanyama ya Kusini, ambamo uwindaji ulikatazwa lakini karibu kila jambo jingine liliruhusiwa: kulisha ng'ombe, kutupa taka, na hata mazoezi ya jeshi la anga la Uingereza ya kudondosha mabomu. Huko London, mwaka 1933, mataifa yenye makoloni barani Afrika yalitia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea, na wazo la mbuga za taifa likapata nguvu. Huku Kenya wazo hilo halikuwa na wa kulibeba. Walowezi wengi waliwaona wanyama kuwa wezi wa malisho na waharibifu wa ua. Serikali nayo haikuwa na haraka.

Hapo ndipo mhasibu huyo alipofanya jambo ambalo kwalo anakumbukwa kuliko ripoti zote alizoziandika baadaye. Aliliandikia gazeti la East African Standard barua ambayo hakuitia jina lake. Aliitia saini ya mlowezi mkongwe asiyejulikana, na ndani yake akapendekeza kwamba wanyama pori wote waangamizwe ili wakulima na wafugaji wapate nafasi. Cowie hakuamini hata neno moja la pendekezo hilo. Alikuwa amewasikia walowezi wenzake wakinung'unika hivyo pembeni, naye akayachukua manung'uniko yao na kuyafikisha kwenye kikomo chake, ili kila msomaji aione sura yake halisi. Matokeo yalikuwa kama alivyotarajia. Wasomaji walighadhibika, barua za kupinga zikamiminika, mikutano ikafanyika, na watu ambao hadi jana yake hawakujali wakajikuta wakiwatetea wanyama kwa nguvu zao zote. Serikali ilipoona msisimko huo, iliunda kamati ya kulichunguza suala la wanyama pori na mbuga.

Kwa istilahi za fasihi, barua hiyo ni kejeli iliyokamilika. Nafsineni si mwandishi, bali ni mhusika aliyebuniwa ili asikike, achukiwe na ashindwe. Mbinu hiyo ina jadi ndefu. Jonathan Swift aliitumia mwaka 1729 alipojifanya mshauri anayependekeza watoto wa maskini wa Ireland waliwe, ili awaaibishe waliowaacha wafe njaa. Tofauti ni kwamba wasomaji wa Swift wangeweza kugundua mchezo kwa kusoma kwa makini, ilhali wasomaji wa Nairobi walidhani mlowezi mkongwe ni mtu halisi. Hapa pana swali la maadili ambalo haliwezi kukwepwa. Je, ni halali kuamsha umma kwa sauti ya uongo, hata kama lengo ni jema? Cowie mwenyewe hakulificha tendo lake baadaye; alilisimulia kama ujanja uliofaulu. Lakini mbinu iliyofaulu haigeuki kuwa isiyo na lawama kwa kufaulu kwake tu. Umma ulioshawishiwa kwa njia hiyo ulikuwa umma wa wasomaji wa gazeti la Kiingereza, yaani walowezi na maafisa. Mmaasai aliyekuwa akilisha ng'ombe katika nyanda hizo hizo hakuulizwa na mlowezi mkongwe wa kubuni, wala na mhasibu wa kweli aliyejificha nyuma yake.

Vita Vikuu vya Pili vilichelewesha kazi ya kamati, lakini havikuizima. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1945, na mwezi Desemba 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, ikawa ya kwanza nchini Kenya. Cowie aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa mbuga za taifa, akaushika wadhifa huo kwa miaka 20. Tsavo ilifuata mwaka 1948, Mlima Kenya mwaka 1949, na Aberdare mwaka 1950. Kwa mtu aliyeanza na barua moja ya gazetini, huo ulikuwa mwendo wa ajabu. Uhasibu wake ulimfaa: mbuga zilihitaji barabara, askari wa doria, magari na mabwawa ya maji, na kila senti ilipaswa kuombwa, kutetewa na kuhesabiwa. Katika miaka ya 1950 alikaa pia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni, hivi kwamba aliweza kuisemea mbuga ofisini na barazani vilevile.

Wakati wa kazi hiyo ndipo sinema ilipomfuata. Harry Watt, mwongozaji wa filamu kutoka Uingereza, alifika Afrika Mashariki akitafuta kisa, akakutana na Cowie, na kutokana na mambo aliyoyasikia ikazaliwa filamu ya Where No Vultures Fly, iliyotolewa na kampuni ya Ealing mwaka 1951. Jina lake lina maana ya mahali wasiporuka tai, yaani mahali pasipo mizoga. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Anthony Steel, ni afisa wa wanyama pori anayechoshwa na mauaji, anaanzisha mbuga ya taifa, na kupambana na wauzaji haramu wa pembe za ndovu. Picha zilipigwa Kenya kwenyewe. Filamu hiyo iliteuliwa kuwa ya maonyesho ya kifalme jijini London mwaka huo huo. Cowie hakuishika kamera, lakini hapana shaka kwamba filamu ilifanya kwa watazamaji wa dunia nzima kile ambacho barua ilifanya kwa wasomaji wa Nairobi: iligeuza suala la sera kuwa kisa chenye shujaa, adui na ushindi.

Mwaka huo huo wa 1951, mtumishi mwingine wa serikali ya kikoloni, Shaaban Robert wa Tanganyika, alichapisha Kusadikika. Ulinganisho wa watu hawa wawili una mafunzo. Wote wawili walijua kwamba jambo lisilowezekana kusemwa kwa lugha ya ofisini laweza kusemwa kwa njia ya ubunifu. Lakini Shaaban Robert aliitumia njia hiyo kuwatetea wajumbe wanaofungwa kwa kuleta habari njema ya mabadiliko, watu wasiosikilizwa na watawala wao. Cowie alikuwa na gazeti, wizara na sinema upande wake, akawatetea viumbe wasioweza kusema kabisa. Baina ya watawala waliosema na wanyama wasiosema, walibaki watu waliosema lakini hawakusikilizwa.

Mwaka 1961 Cowie alichapisha kitabu chake, Fly, Vulture, ambamo alisimulia harakati zake za kuanzisha mbuga. Jina hilo linaiitikia filamu ya miaka 10 nyuma, na tai yumo tena. Ni kitabu cha mtu anayeipenda nchi aliyozaliwa, na upendo huo si wa kujifanya. Hata hivyo, kila mwamba ngozi huvutia kwake. Katika simulizi ya mwanzilishi, mfugaji na ng'ombe wake huonekana hasa kama tatizo linalotakiwa kutatuliwa. Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa, wafugaji wa Kimaasai waliondolewa katika eneo lake. Kilichokuwa ushindi katika sura moja ya historia kilikuwa hasara katika sura nyingine, na sura hiyo ya pili haikupata mwandishi wala mwongozaji wa filamu.

Mwaka huo huo kulitokea jambo lililoonyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo. Amboseli, iliyo ndani ya Kajiado, ilikabidhiwa kwa baraza la wilaya, ili wenyeji wasimamie wanyama na kufaidi mapato yao. Baadaye, mwaka 1974, serikali kuu iliichukua na kuitangaza kuwa mbuga ya taifa. Cowie mwenyewe alikuwa ameondoka ofisini mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, na nafasi yake ikashikwa na Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuziongoza mbuga za Kenya. Katika miaka ya 1970 Cowie alilitumikia shirika la AMREF, linalowapelekea wagonjwa wa mashambani madaktari kwa ndege, akiitumia tena taaluma yake ya fedha. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu ndani ya Mbuga ya Nairobi mbele ya kamera za dunia. Cowie alikuwa hai bado, na bila shaka mtu aliyewahi kuushtua umma kwa pendekezo la kuangamiza angeelewa nguvu ya moto ule. Alifariki mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 87.

Urithi wake unapimwa hasa upande wa kusini wa mbuga. Wanyama hawakai ndani ya mbuga mwaka mzima. Mvua zinaponyesha, huvuka mto na kusambaa katika nyanda za Kitengela na Kapiti kutafuta majani mafupi yenye lishe. Kiangazi kikija, hurudi mbugani kwenye maji ya kudumu. Kwa hiyo mbuga ya Cowie haijawahi kujitosheleza. Tangu mwanzo ilitegemea ardhi ya majirani ambao hawakushirikishwa kuianzisha. Ardhi ya pamoja ya wafugaji ilipogawanywa kuwa ya watu binafsi, kisha ikauzwa vipande vipande kwa ajili ya nyumba, ua na viwanda, njia za wanyama zilizidi kubana. Nyumbu waliokuwa wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 wamepungua sana. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019 inapita juu ya mbuga yenyewe kwa daraja refu.

Mkono mtupu haulambwi. Ukweli huo ulitambuliwa mwaka 2000, ulipoanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza viwanja. Malipo hayakuwa makubwa yakilinganishwa na bei ya ardhi karibu na jiji, lakini kwa familia za wafugaji yalisaidia kulipa karo za shule. La maana zaidi ni kwamba mpango huo ulianzia pale ambapo barua ya mlowezi mkongwe haikufika: uliongea na mwenye ardhi, ukamwomba idhini, ukamlipa.

Maisha ya Mervyn Cowie yanathibitisha kwamba kalamu yaweza kuisukuma serikali, na kwamba kisa kilichosimuliwa vizuri huzaa sheria. Bila yeye, nyanda zile zingekwisha kuwa viwanja vya nyumba miaka mingi iliyopita, na simba asingeonekana tena karibu na jiji. Lakini maisha hayo hayo yanaonyesha gharama ya kisa chenye msimulizi mmoja. Mbuga iliyoanzishwa kwa Kiingereza, ikatetewa kwa Kiingereza na kuonyeshwa London, leo inategemea uamuzi unaofanywa kwa Kimaasai na Kiswahili katika boma za Kitengela: kufunga ua, au kuuacha wazi mlango ambao nyumbu huupitia mvua zikinyesha.