Mtemi Mirambo, aliyewafungia njia wafanyabiashara wa Pwani

KATIKA miaka ya 1870, jina la Mtemi Mirambo wa Unyamwezi lilitajwa kwa hofu kuanzia Tabora hadi Ujiji.

Alizaliwa karibu mwaka 1840, akiwa mtoto wa Mtemi Kasanda wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Wakati huo wafanyabiashara Waarabu walikwishajenga makazi Unyanyembe, wakinunua pembe za ndovu na watumwa. Hawakuishia kwenye biashara. Karibu mwaka 1860 walimng'oa Mtemi Mnywa Sele aliyewatoza ushuru, wakamweka Mkasiwa.

Mirambo alilisoma somo hilo mapema. Aliunganisha himaya ndogondogo zilizomzunguka na kuunda jeshi la vijana, rugaruga, lililochanganya bunduki na mbinu za vita za Wangoni. Hakuikataa biashara yenyewe, kwani bunduki na baruti zake zilitoka Pwani. Alichodai ni kwamba mwenye nchi ndiye mwenye njia, na apitaye alipe hongo.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walimshambulia, wakiwa pamoja na Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone. Mirambo aliwavizia wakirejea na ngawira, akawatawanya. Mwezi huohuo wa Agosti aliivamia Tabora na kuchoma sehemu yake. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari bara, lakini hawakumshinda. Waarabu wakakubali kupatana naye. Mwaka 1876 Stanley alirudi, safari hii wakachanjiana undugu. Mwaka 1879 Mirambo alimkaribisha Urambo mmisionari Mwingereza, Dk. Ebenezer Southon, akitafuta rafiki mwingine wa nje asiyekuwa wa Tabora.

Hata hivyo, majirani zake walilipa gharama kubwa. Vijiji viliteketezwa na mateka wengi wakaingia utumwani. Umoja aliouunda ulishikiliwa na nguvu yake mwenyewe, si na mila wala baraza.

Alifariki dunia Desemba 2, 1884, majuma machache baada ya mkutano wa Berlin kuanza na wakati Carl Peters akikusanya mikataba Usagara. Himaya ilianza kumeguka mara moja. Wajerumani walipofika Unyamwezi, hakuwapo tena mtu wa kuifunga njia akasikilizwa na watemi wote wa magharibi.