George Papanicolaou: Daktari Aliyeiona Saratani Kabla Haijauma

Ngozi yako, utando wa ndani ya mdomo, wa utumbo na wa mlango wa kizazi vyote vimefunikwa na tabaka la seli zilizobanana. Tabaka hilo huitwa epithelia. Huukinga mwili, na sehemu nyingine hutoa ute au kufyonza chakula. Kwa kuwa huchakaa kila siku, seli za juu hudondoka na mpya huzaliwa chini yake. Papanicolaou alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzisoma seli hizo zinazodondoka, na wanawake wengi wako hai leo kwa sababu hiyo.

Kutoka Ugiriki hadi New York

Alizaliwa mwaka 1883 katika mji wa Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki. Baba yake alikuwa daktari. Naye alisomea udaktari Athens, akamaliza mwaka 1904, kisha akaenda Ujerumani kusomea elimu ya wanyama.

Mwaka 1913 yeye na mkewe Andromachi, aliyeitwa pia Mary, walihamia New York wakiwa na fedha kidogo. Mwanzoni Papanicolaou aliuza mazulia dukani na mkewe akashona vifungo. Mwaka uliofuata alipata kazi katika chuo cha udaktari cha Cornell.

Huko alifanya utafiti kwa simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Alihitaji kujua siku ambayo yai la mnyama limekomaa, bila kumuua. Akachukua ute kidogo ukeni na kuutazama kwa hadubini. Aligundua kwamba seli za epithelia hubadilika kadiri mzunguko wa uzazi unavyoendelea, kwa sababu hufuata homoni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1917.

Kisha akageukia wanawake. Mkewe alikubali kuchukuliwa ute kila mara kwa miaka mingi, na hivyo daktari akajifunza jinsi seli zenye afya zinavyoonekana. Alipopima ute wa wanawake wenye saratani, aliona seli zenye viini vikubwa na maumbo yasiyo ya kawaida.

Miaka ya kungoja

Mwaka 1928 alieleza ugunduzi wake kwenye mkutano huko Battle Creek, Marekani. Haukupokelewa vizuri. Madaktari wengi waliona kwamba kukata kipande cha nyama na kukipima kunatosha. Lakini kipande hukatwa pale ugonjwa unaposhukiwa, na wakati huo mara nyingi mgonjwa amechelewa.

Mwaka 1939 alianza kushirikiana na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake. Walipima wanawake wengi na kugundua saratani hata kwa baadhi ya wale waliojiona wazima. Makala yao ilitoka mwaka 1941 na kitabu mwaka 1943. Kipimo hicho, kiitwacho Pap, kikaenea, na katika nchi zilizopima wanawake mara kwa mara vifo vilipungua sana. Papanicolaou alifariki Februari 1962 huko Miami.

Kwa nini mlango wa kizazi?

Hapo hukutana aina mbili za epithelia: ya nje yenye tabaka nyingi za seli bapa, na ya ndani yenye safu moja ya seli ndefu zinazotoa ute. Tangu msichana anapobalehe, mpaka wao husogea na seli za aina moja hubadilika kuwa za aina nyingine. Virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana hupata nafasi hapo. Mara nyingi mwili huvishinda. Vikibaki, seli huanza kuharibika polepole, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kuwa saratani. Muda huo wote mama hasikii maumivu.

Mama, fanya haya

- Kapime ukiwa mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, au 25 ikiwa unaishi na VVU.
- Uliza kituo chako kina kipimo gani. Kuna Pap, kuna cha HPV, na kuna cha siki: mhudumu hupaka siki hafifu, na sehemu yenye seli zilizobadilika huonekana nyeupe.
- Ukiambiwa seli zimebadilika, usiogope wala usikimbie. Mara nyingi bado si saratani, na zinaweza kuondolewa kwa baridi kali au kwa joto. Rudi siku uliyopangiwa.
- Mpeleke binti yako wa miaka 9 hadi 14 achanjwe dhidi ya HPV. Akikua, naye atahitaji kupimwa.
- Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi mbili, au baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali mara moja.